Mambo ya kuzingatia kabla mzigo haujatoka: jinsi muuzaji wa mtandaoni anavyojikinga dhidi ya madai ya uongo

Muuzaji wa Nairobi anayeuza kupitia Instagram, WhatsApp au tovuti ya mauzo ya Jiji huhudumia wateja wengi ambao hatawaona kamwe, na mzigo wake hupitia kwa mwendeshaji bodaboda au karani wa basi kabla ya kumfikia mwenyewe. Hapo ndipo mnunuzi mwenye hila hupata nafasi, akadai kwamba mzigo haukufika, kwamba ulifika umevunjika, au kwamba ndani ya boksi hamkuwa na alicholipia. Dai kama hilo huamuliwa na mtu ambaye hakuwepo, awe afisa wa jukwaa la mauzo, mfanyakazi wa benki au hakimu, naye hana budi kutegemea kile anachoonyeshwa. Ndiyo maana ushahidi unapaswa kukusanywa wakati ambapo bado hakuna ugomvi wowote.

Kazi huanza na maelezo ya bidhaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, hivyo muuzaji anayeandika kwamba simu iliyotumika ni “kama mpya” amejifunga kwa ahadi ambayo mnunuzi ataipima apendavyo. Ni afadhali aandike kwamba kioo kina mkwaruzo upande wa kushoto, kwamba betri imebakiza asilimia 84 ya uwezo wake, na kwamba chaja si ile iliyotoka nayo kiwandani, kisha apige picha ya kila kasoro aliyoitaja. Kwa nguo na viatu vya mitumba, vinavyofika soko la Gikomba kutoka nchi zenye mifumo tofauti ya saizi, vipimo vya sentimita ni vya kuaminika kuliko nambari iliyoshonwa kwenye kola.

Ufungaji wa mzigo unastahili uangalifu mkubwa kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu madai mengi yanayoumiza hutokana na kubadilishiwa bidhaa: mnunuzi hupokea simu nzima, akarudisha nyingine ya aina hiyo hiyo iliyoharibika, na kushikilia kwamba ndiyo aliyotumiwa. Kinga yake ni video moja isiyokatwa. Ianze simu ikiwa imewashwa na inafanya kazi, nambari ya IMEI, yaani ile inayotambulisha kila simu peke yake, ionekane baada ya kubonyeza *#06#, nambari hiyo ilinganishwe na ile iliyo kwenye boksi na kwenye risiti, kisha simu iingizwe ndani, boksi lifungwe kwa utepe na kubandikwa jina la mpokeaji bila kamera kuondoka juu ya meza. Bidhaa isiyo na nambari ya kiwandani inahitaji alama ya muuzaji mwenyewe. Kwa gauni, alama hiyo inaweza kuwa lebo iliyofungwa mahali pa wazi, pasipoweza kufichwa mtu akilivaa kwenye harusi, pamoja na sharti la maandishi kwamba gauni halirudishwi lebo ikishakatwa. Sidai kwamba kila kitana cha shilingi mia kipigiwe video. Picha mbili zinatosha. Lakini kompyuta, simu au wigi la nywele halisi lisiondoke bila rekodi hiyo, hata siku ambayo oda ni nyingi na mwendeshaji anapiga honi nje.

Kuhusu malipo, muuzaji asitoe mzigo kwa sababu ameonyeshwa ujumbe wa M-Pesa katika simu ya mteja, kwa kuwa ujumbe hughushiwa kwa urahisi. Athibitishe kwenye salio lake mwenyewe ndipo amruhusu mwendeshaji kukabidhi. Akumbuke pia kwamba aliyetuma pesa kwa nambari ya kawaida ya simu anaweza kuomba zirejeshwe kwa kuutuma ujumbe wa muamala kwenye nambari 456, hata kama mzigo ameshaupokea. Kutumia nambari ya tili au Pochi la Biashara, ambazo ni njia za M-Pesa za kupokea malipo ya biashara, humpa mfanyabiashara kinga bora, na hutenganisha hesabu za biashara na pesa za nyumbani. Anayepokea malipo ya kadi ajue kwamba, kwa aina nyingi za malalamiko, kanuni za Visa na Mastercard humpa mwenye kadi hadi siku 120 za kupinga malipo, basi asifute rekodi mapema.

Makabidhiano nayo yaache alama. Mzigo unaotumwa mashambani kwa basi uwe na stakabadhi yenye nambari yake, na nambari hiyo itumwe kwa mnunuzi siku hiyo hiyo. Ndani ya jiji, njia rahisi ni kumtumia mnunuzi tarakimu nne ambazo atamtajia mwendeshaji anapopokea. Njia hii inafaa kuliko kupiga picha ya kitambulisho cha mtu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimruhusu mfanyabiashara kukusanya taarifa za mtu zaidi ya zile anazozihitaji.

Masharti ya kurudisha bidhaa yapelekwe kwa mnunuzi kabla hajalipa, naye ajibu kwa maandishi kwamba ameyakubali. Muda wa kuripoti kasoro utajwe, na aombwe kurekodi anapofungua mzigo. Hata hivyo, muuzaji asijidanganye kwamba tangazo la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” linamkinga anapouza kitu kibovu: Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa, na haki alizopewa na Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 haziondolewi kwa makubaliano. Mteja mwaminifu aliyepata kasoro ahudumiwe upesi, na rekodi hizi zote humsaidia yeye pia.

Mazungumzo yahifadhiwe yalivyo, na ule mpangilio wa WhatsApp unaofuta ujumbe baada ya muda uzimwe. Mnunuzi akitishia kumchafulia muuzaji jina mitandaoni ili arudishiwe pesa asizostahili, ajibiwe kwa maandishi na kwa adabu, na muuzaji asianike hadharani nambari ya simu ya mnunuzi huyo. Mambo yakishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Video na picha zipelekwe huko zikiwa faili za asili, pamoja na cheti kinachoeleza zilivyorekodiwa na kwa kifaa gani, kama kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinavyotaka.