Somo: Kuifanya Prettier ifuate mtindo wako (inboksi sijibu tena)

Wiki hii watano wameniuliza jambo hili hili: namna ya kuifanya Prettier, programu inayopanga mwonekano wa msimbo (code), ifuate mtindo wao. Naliandika mara moja.

1. Ndani ya folda ya mradi: `npm install --save-dev --save-exact prettier`

2. Kando ya package.json tengeneza faili `.prettierrc`, nukta mwanzoni:
`{ "singleQuote": true, "semi": false, "tabWidth": 4, "printWidth": 100 }`
Usipoandika kitu utapewa mstari wa upana wa herufi 80 na nafasi 2 za kuingiza mstari ndani.

3. VS Code (kihariri cha msimbo): weka kiongezi cha Prettier, washa formatOnSave.

4. Kupanga mradi mzima: `npx prettier . --write`. Hapa niliungua. Nilikuwa na faili nne nilizorekebisha, sijazikomiti (sijaziingiza kwenye Git, inayotunza historia ya mradi), nikaiendesha. Mamia ya faili yakabadilika na zangu nne zikapotelea humo. Mkaguzi wa msimbo akanirudishia bila kusoma, na sikumlaumu. Tena `git blame`, amri inayoonyesha nani alibadilisha kila mstari mara ya mwisho, ikaonyesha jina langu hata kwenye mistari ya mtu aliyeacha kazi zamani, hitilafu zake napigiwa simu mimi. Kwa hiyo KOMITI KAZI YAKO KWANZA. Folda za kuachwa ziandike kwenye `.prettierignore`. Endesha, kisha komiti mpangilio peke yake. Namba ya komiti hiyo, herufi zote 40, iweke ndani ya `.git-blame-ignore-revs`, halafu:
`git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`
Git iwe 2.23 kwenda juu. Kila mwenzako aendeshe amri hii kwake. Haisafiri na mradi.

MASWALI (kila muulizaji namwita kwa mji wake)

Mbale: Haifanyi kazi.
— Vipi? Faili umeiitaje?
Mbale: prettierrc
— Hatua ya 2, ssebo.

Gulu: Natengeneza programu ya soko la mifugo. 'mbuzi' imepata nukuu moja, "ng'ombe" imebaki na mbili. Nimekosea?
— Hujakosea, swali zuri sana! Prettier huchagua nukuu isiyohitaji mkwaju wa kukwepa (`\`). Ndani ya ng'ombe kuna kitone (`'`) tayari, ikaona bora iziache mbili. Sisi wa ng' tutaliona hili kila siku.

Jinja: Mabano `{` yaanze mstari mpya?
— Prettier haina chaguo hilo. Kwa C++ tumia clang-format, `BreakBeforeBraces: Allman`.

Kampala: Jedwali langu la nauli za teksi nililipanga safu safu, limevurugwa.
— Juu yake andika `// prettier-ignore`.
Kampala: Limerudi! Na sisi wa data ya kuhesabu, hatua ya 1 kila mradi mpya?
— Ongeza `--prefer-offline`. npm itachukua kwanza ilichokwisha kuhifadhi.

Mbale: Nimeendesha hatua ya 4, faili zote zimebadilika.
— Ulikomiti kwanza?
Mbale: Kukomiti wapi?