Shuka mapema, kisha punguza mwendo: kwa rubani anayehamia ndege ndogo ya kasi

Marubani wengi wanaokuja kwangu kujifunza ndege ya kasi tayari ni marubani wazuri. Wametoka kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, wanatua vizuri, redio wanaimudu, hali ya hewa wanaisoma. Kinachowatatiza ni kufika uwanjani wakiwa juu mno na mwendo umezidi. Baada ya hapo kila kitu kinafanywa mbiombio. Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa la kuhamia ndege mpya, kubwa kuliko kutua kwenyewe, maana kutua vibaya mara nyingi kunaanzia maili arobaini au hamsini kabla ya uwanja.

Cessna 172 ina nguzo za mabawa na magurudumu yanayoning'inia muda wote, kwa hiyo hewa inaizuia sana. Ukipunguza nguvu, inapoa mwendo mara moja hata kama pua imeinama kidogo. Ndege za kasi kama Mooney, Bonanza, au Cirrus SR22 (ambayo nayo magurudumu yake hayakunjwi) zimetengenezwa ili hewa iteleze juu yake. Ukiinamisha pua, kasi inapanda papo hapo, na ikishapanda haishuki upesi. Kasi ikiwa mara moja na nusu ya ile ya mwanzo, nishati ya mwendo katika kila kilo ya ndege inakuwa mara 2.25. Nishati hiyo lazima uimalize kabla ya kugusa ardhi, na hewa ndiyo inayokusaidia kuimaliza, polepole. Ndiyo maana nasisitiza: katika ndege hizi ama unashuka, ama unapunguza mwendo. Ukitaka vyote viwili kwa wakati mmoja, utakosa vyote.

Basi anza na hesabu, na uifanye ukiwa bado umetulia juu, si wakati mnara umeshakuita. Tuseme uko futi 9,500, na kimo cha saketi (njia ya kuzunguka uwanja kabla ya kutua) ya uwanja unaokwenda ni futi 2,000. Una futi 7,500 za kupoteza. Mimi napenda kushuka futi 500 kwa dakika: masikio ya abiria hayaumi, injini haipoi ghafla, nawe unabaki na nafasi ya kufikiri. Hapo ni dakika 15. Kwa noti 120, yaani maili 120 za baharini kwa saa, unakwenda maili 2 kila dakika, kwa hiyo unaanza kushuka ukiwa maili 30. Kwa noti 180 ni maili 3 kila dakika: maili 45. Ongeza maili 5 za kuruka usawa na kupunguza mwendo kabla ya kuingia saketi, inakuwa maili 50. Ukiwa na upepo wa nyuma wa noti 20, kasi yako juu ya ardhi ni 200 na hesabu inasogea hadi maili 55. Tumia kasi ya ardhini inayoonyeshwa na GPS, usitumie ile ya geji.

Sasa tazama kinachompata aliyezoea 172 anaposubiri mpaka maili 30 kwa mazoea tu. Kwa noti 180 amebakiwa na dakika 10, kwa hiyo anahitaji futi 750 kwa dakika, na akifika chini bado yuko kwenye mwendo wa safari, juu ya uwanja kabisa. Akisubiri mpaka maili 20, ni zaidi ya futi 1,100 kwa dakika. Ipo kanuni nyingine ya maili 3 kwa kila futi 1,000, na ni kanuni nzuri, lakini kumbuka kwamba kwa noti 180 inakudai futi 1,000 kwa dakika. Mimi naichukulia kuwa mpaka wa mwisho: ukishaupita, omba kuzunguka upoteze kimo.

Kushuka kwenyewe ni kazi ya nguvu na trimu (kidhibiti kinachoifanya ndege ishike kasi bila wewe kushikilia usukani), si ya kusukuma usukani. Ndege ikiwa imetrimiwa vizuri kwa mwendo wa safari, punguza nguvu kidogo kidogo, halafu iache. Pua itainama yenyewe, nayo ndege itashuka ikitafuta kasi ileile iliyotrimiwa. Katika ndege nyingi za injini moja zenye pangaboi la kasi ya kudumu (linalojirekebisha ili lizunguke kwa kasi ileile), kupunguza inchi 3 hadi 5 za presha ya manifoldi (presha ya hewa inayoingia kwenye injini, kipimo cha nguvu yake) kunatosha kukupa futi 500 kwa dakika. Mwanafunzi anayesukuma pua bila kugusa nguvu namtambua kwa sikio kabla sijatazama geji: sauti ya upepo kwenye kioo inabadilika.

Injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukumia hewa ndani ya injini) ina jambo moja linalowashangaza wageni. Kadiri unavyoshuka hewa inakuwa nzito, na presha ya manifoldi inapanda yenyewe, karibu inchi 1 kwa kila futi 1,000. Nguvu uliyoiondoa inarudi bila wewe kugusa kitu. Kwa hiyo kila futi 1,000 rudisha mkono wa nguvu nyuma kidogo, na wakati huohuo ongeza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa, hatua kwa hatua. Usivute nguvu yote kwa mkupuo. Lycoming wanashauri joto la vichwa vya silinda lisishuke zaidi ya nyuzi 50 za Fahrenheit kwa dakika, na hilo linawezekana tu kwa aliyeanza mapema.

Halafu geji ya kasi. Katika 172 utepe wa njano, alama ya kasi ya tahadhari, unaanzia noti 129, na wengi hawajawahi kuufikia. Katika ndege ya kasi utaufikia ukishuka na nguvu ya safari, bila hata kukusudia. Utepe huo ni wa hewa tulivu peke yake. Mchana wenye mawingu ya mabonge, hewa iliyo chini ya mawingu inarusharusha, kwa hiyo kabla hujapita usawa wa chini ya mawingu uwe umesharudi ndani ya utepe wa kijani, wa kasi ya kawaida. Mitikisiko ikiwa mikali, punguza mwendo hadi kasi ya kuchezesha ndege, ile salama kwa mitikisiko, na ujue kasi hiyo ni ndogo zaidi ndege ikiwa nyepesi.

Ukifika kimo cha saketi, kaa usawa na usubiri. Hapa ndipo subira inapohitajika: nguvu imepungua, pua inainuliwa taratibu kushika kimo, kasi inateremka. Kasi ya kutoa magurudumu na ya kila hatua ya flapi (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua) ziwe kichwani, maana hutofautiana hata kati ya matoleo ya ndege moja. Soma kitabu cha ndege hiyo unayoirusha. Kama yanakunjwa, magurudumu ndiyo breki bora uliyonayo. Yatoe mapema, kabla ya flapi, hata kabla ya kuingia upande wa saketi wa kwenda na upepo ikiwa mwendo unaruhusu.

Waongoza ndege wakikuacha juu kwa muda mrefu, omba kushuka mapema. Ukiwaambia unahitaji kuanza sasa, mara nyingi wanakuelewa. Wakikataa, anza kupunguza mwendo hukohuko juu, kwa sababu ndege iliyo polepole inaweza kushuka kwa pembe kali zaidi katika umbali uleule.

Kwenye fainali, yaani sehemu ya mwisho ukielekea njia ya kutua, shika mara 1.3 ya kasi ambayo ndege inakoma kubebwa na hewa ikiwa na flapi za kutua. Noti 10 za ziada hazikupi usalama. Zinakufanya uelee juu ya njia huku lami ikiisha. Ikiwa kwa futi 500 juu ya ardhi kasi, kimo na trimu havijatulia, weka nguvu zote uzunguke tena, bila kubishana na nafsi yako.

Kabla hujabeba abiria, panda na mwalimu siku ya hewa tulivu, mkae futi 5,000, kisha mpime kwa saa mambo mawili: dakika ngapi ndege inachukua kutoka mwendo wa safari hadi kasi ya magurudumu ikiruka usawa, na inashuka futi ngapi kwa dakika magurudumu yakiwa nje bila kubadili kasi. Rudieni mara mbili, tatu, ukiwa na mzigo tofauti ikiwezekana. Andika namba hizo kwenye kadi ibaki pajani, halafu utumie hizo katika hesabu zako badala ya zangu.