Kukarabati mwenyewe vyumba vya kulala vya nyumba ya zamani: anza na maji, malizia na sakafu

Ukuta wa nyumba ya zamani umepita mikononi mwa watu wengi. Huyu kaziba ufa kwa saruji, yule kapaka rangi ya mafuta juu ya chokaa, mwingine kaficha doa nyuma ya kabati. Ukiingia na rola siku ya kwanza, rangi yako itakaa juu ya hayo yote, na ikipita mvua ya kwanza utaanza kuiona ikibanduka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi za kabla ya rangi. Katika ukarabati wa aina hii mimi hufuata utaratibu mmoja: maji kwanza, umeme wa pili, halafu kutoka juu kwenda chini.

Shika chumba kimoja, ukimalize, ndipo uhamie kingine. Toa kila kitu nje, hata pazia na fito zake. Vumbi la lipu ya zamani ni laini mno, linapenya hata kwenye kabati lililofungwa. Usilale katika chumba unachokifanyia kazi.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi

Kila doa lina chanzo chake. Doa la kahawia darini, lenye kingo zilizokolea, ni la paa au bomba linalovuja. Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia kimo cha mita moja hivi, ukiwa na unga mweupe wa chumvi juu ya rangi, kwa kawaida ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Ukungu mweusi kwenye kona na nyuma ya kabati mara nyingi hutokana na mvuke wa humo humo chumbani. Watu wanapumua usiku kucha madirisha yakiwa yamefungwa, na ule mvuke unageuka maji ukigusa ukuta wa baridi.

Ukiwa na shaka, kata kipande cha nailoni nzito, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasipite hewa, na ukiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa nailoni unaotazama chumbani, tatizo ni hewa ya chumba: ongeza upitaji wa hewa. Yakikaa upande wa ndani unaotazama ukuta, ukuta wenyewe umebeba maji.

Kwa ukuta uliobeba maji, toka nje uangalie chini yake. Mara nyingi nakuta udongo, au sakafu ya nje iliyoongezwa baadaye, umepanda hadi usawa wa sakafu ya ndani. Ushushe mpaka uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, ukiangalia usifukue msingi, na uhakikishe maji ya mvua yanaelekezwa mbali na ukuta. Kisha subiri ukuta ukauke. Ukuta mnene huchukua miezi, na rangi ya kuzuia maji haifupishi muda huo. Inayafungia maji ndani tu, nayo yatatafuta pa kutokea.

Hatua ya 2: Risasi, asbesto na umeme

Rangi za zamani nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Kuna nchi zilizotangulia na nyingine zilizochelewa sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto. Kwa hiyo rangi ya zamani usiichome kwa moto wala usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, ikwangue ikiwa na maji, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini (kitambaa hakitoshi), na okota mabaki yote ukiyafunga kwenye mfuko. Watoto na wajawazito wakae mbali mpaka usafi uishe.

Dari ya mabamba magumu ya kijivu, au vigae vya plastiki vya zamani vilivyobandikwa sakafuni, vinaweza kuwa na asbesto (madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu). Usivikate, usivitoboe, usivivunje kabla havijapimwa. Vikiwa nayo, kuviondoa ni kazi ya wenye ujuzi huo.

Kwenye umeme, zima meni swichi na uhakikishe kwa testa kabla ya kugusa soketi yoyote. Fungua swichi moja utazame waya. Ganda la mpira linalomomonyoka ukilishika linamaanisha chumba kizima kinahitaji waya mpya, na hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Wewe unaweza kumchimbia mifereji ukutani: iende wima, na kina kisizidi theluthi moja ya unene wa ukuta. Ichimbwe sasa, kabla ya lipu.

Hatua ya 3: Dari

Dari isiyo na asbesto isukume taratibu kwa kiganja. Inayocheza ipandishe kwa ubao na nguzo, kisha ikaze kwenye mbao zake kwa skrubu zenye washa pana. Inayoangusha vipande vizito iteremshwe. Madoa ya maji yaliyokauka yazibe kwanza kwa rangi ya mafuta ya kuziba madoa, la sivyo yatajitokeza tena juu ya rangi ya maji hata ukipaka mikono (tabaka) minne.

Hatua ya 4: Kuta

Hapa usiwe na haraka. Chukua mpini wa bisibisi, ugonge ukuta mzima, kila baada ya kiganja. Lipu iliyoshika inatoa sauti nzito na fupi. Iliyoachia inalia kama debe tupu. Zungushia kalamu ya risasi kila sehemu inayolia hivyo. Ukimaliza, simama katikati ya chumba uitazame ramani uliyoichora. Miduara ikiwa michache, bomoa hiyo tu kwa tindo na nyundo hadi ufikie kingo zilizoshika. Ikiwa imejaa zaidi ya nusu ya ukuta, bandua ukuta wote, maana viraka vingi ni kazi kubwa kuliko kupiga lipu upya.

Kabla ya kuchanganya chochote, jua ukuta ulijengwa kwa nini. Kwangua kiungo cha tofali au jiwe kwa msumari. Kikitoka unga mweupe laini kirahisi, yaelekea ni chokaa. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiuwekea kiraka cha saruji ambacho ni kigumu na hakipitishi, maji yanahamia pembeni mwa kiraka na kuila lipu nzuri iliyobaki. Ziba chokaa kwa chokaa: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga msafi wenye chembe kali. Safisha vumbi, nyunyiza maji ukuta unywe, kisha weka tabaka za sentimita moja hivi, kila moja ikishika kabla ya inayofuata. Usiiache ikauke ghafla. Inyunyizie ukungu wa maji kwa siku kadhaa. Chokaa inaunguza, kwa hiyo vaa glavu na miwani.

Kwa nyufa, weka alama ya kalamu kwenye ncha zote mbili na uandike tarehe. Ufa ukivuka alama, bado unatembea, na kuuziba ni kupoteza muda. Ufa mpana kuliko milimita 5, au unaopanda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha, muite mhandisi auone kwanza. Nyufa ndogo zilizotulia zipanue kidogo kwa ncha ya skrepa ili pati (dawa laini ya kuzibia) ipate pa kushika, futa vumbi, lowanisha, jaza, na ikikauka piga msasa.

Hatua ya 5: Mlango na dirisha

Mlango unaokwama usiurande kabla hujakaza bawaba zake. Tundu za skrubu zikiwa zimelegea, zijaze vijiti vya mbao vyenye gundi, vikauke, uvikate usawa, ndipo ukaze upya. Bado unakwama? Sugua chaki kwenye fremu, funga, fungua, halafu uurande pale tu ilipohamia chaki. Fanya hivyo kipindi cha ukavu, maana mbao huvimba kwa unyevu.

Dirisha la vioo lenye pati iliyopasuka: ondoa pati iliyoachia, paka praima (rangi ya msingi inayotangulia) kwenye mbao iliyobaki wazi, kisha weka pati mpya. Mbao kavu isiyo na praima hunyonya mafuta ya pati, nayo itapasuka mapema.

Hatua ya 6: Rangi

Giza likiingia, weka taa chini karibu na ukuta ili mwanga uupige kutoka ubavuni. Kila kovu na kila mwinuko utaonekana. Vitie alama, uvirekebishe kesho yake.

Pitisha kiganja kwenye rangi ya zamani. Kikitoka na unga, osha ukuta na upake praima ya kushikilia. Lipu mpya ya saruji ipewe wiki nne ikauke, na mkono wa kwanza uchanganywe na maji kidogo ili upenye. Juu ya chokaa tumia rangi ya chokaa, au nyingine inayopitisha mvuke. Anza dari, kisha kuta, kisha mbao. Kwa kuta zilizopinda mimi huchagua rangi isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa huonyesha kila kasoro.

Hatua ya 7: Sakafu

Mbao zinazolia zikaze kwa skrubu kwenye mihimili iliyo chini, baada ya kujua nyaya na mabomba yanapita wapi. Zamisha vichwa vya misumari, kisha piga msasa namba 40, 80 na 120, ukifuata nyuzi za mbao. Sakafu yenye rangi ya zamani irudishie tahadhari za hatua ya 2 kabla hujagusa mashine.

Unaporudisha vitu, kabati na kitanda vikae sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite nyuma yake.