Seli ya haidrojeni kwa gari: piga hesabu kabla hujaangalia bei

Wakuu, kila petroli ikipanda nawapokea wateja wenye picha kwenye simu: kiboksi cha stenlesi chenye mipira miwili, na muuzaji anaahidi gari litakula nusu ya mafuta kwa msaada wa maji. Swali lao ni moja, ipi ya bei nafuu na inayodumu. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nimewahi kuzifunga tatu, na zote tatu nilizifungua mwenyewe. Nawapa hatua zote, ila naomba hatua ya pili msiiruke, maana hela nyingi za watu zinapotelea hapo.

Hatua ya 1: Jua unachonunua. Hii si seli ya Toyota Mirai. Mirai, gari la haidrojeni lililoanza kuuzwa Japani Desemba 2014, hujazwa haidrojeni iliyokwisha tengenezwa, kwenye matangi ya mgandamizo wa bar 700, na seli zake huigeuza kuwa umeme wa kuendesha mota. Kiboksi chako kinafanya kinyume. Kinachukua umeme wa alteneta, kinapasua maji, halafu gesi inavutwa na injini kupitia njia ya hewa. Alteneta inazungushwa na mkanda, mkanda unazungushwa na injini, na injini inakunywa petroli ile ile uliyojaza asubuhi.

Hatua ya 2: Hesabu. Chukua seli ya vyumba 6 (chumba ni nafasi ya maji kati ya sahani mbili za chuma) inayokula ampea 20. Kwa kanuni ya Faraday, ampea 1 ikipita kwenye chumba kimoja kwa saa moja hutoa kama lita 0.63 za gesi mchanganyiko. Zidisha: lita 75 kwa saa, yaani lita 1.25 kwa dakika. Injini ya 1500cc kwenye mizunguko 2,000, ukikanyaga hadi mwisho, huvuta karibu lita 1,500 za hewa kwa dakika hiyo hiyo.

Sasa njoo kwenye nguvu. Ampea 20 kwa volti 14 ni wati 280. Haidrojeni iliyotoka imebeba takriban wati 150 tu, zilizobaki zimepasha maji moto. Na alteneta ili itoe hizo 280 inaudai mkanda karibu wati 500. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya mafuta kuwa mwendo, kwa hiyo umechoma petroli ya wati 2,000, zaidi ya lita 0.2 kila saa, ili upate gesi ya wati 150. Hakuna aina ya chuma wala ufundi wa kuunganisha utakaoligeuza hilo.

Wapo wanaosema gesi inasaidia petroli kuungua yote. Injini ya leo isiyo na hitilafu tayari inaunguza karibu petroli yote inayoingia kwenye silinda. Kinachopotea kinaondoka kama joto kupitia rejeta na ekzosti.

Kwa hiyo kwa kuokoa mafuta, ushauri wangu ni usinunue. Kama ni mradi wa chuo au unataka kujifunza umeme na kemia, ukiwa mezani na si kwenye gari, endelea na hatua zifuatazo.

Hatua ya 3: Sahani. Tafuta stenlesi ya 316L. Ile ya 304 ni rahisi lakini huchakaa mapema. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwa sababu zote mbili kwa kawaida haziishiki, ila itakuonyesha bati la bei chee la 430, ambalo hunasa. Alumini usiitumie kabisa, potashi (kemikali tutakayochanganya na maji hatua ya 4) inaila.

Idadi ya sahani ina uzito kuliko unene wake. Kila chumba kinahitaji kama volti 2. Ukiwa na sahani mbili tu, volti 14 zote zinaangukia chumba kimoja na umeme mwingi unaishia kuwa joto. Sahani 7, mbili za pembeni zikishika nyaya na tano za kati zikiwa huru, zinakupa vyumba 6 vya volti 2.3 hivi. Kwa ukubwa, mafundi wengi hawazidishi ampea 8 kwa kila sentimita mraba 100 za sahani. Mipira ya kuziba katikati ya sahani iwe ya EPDM, aina ya mpira isiyoliwa na potashi.

Muuzaji akikuahidi lita nyingi kwa ampea chache, rudi kwenye 0.63. Mara nyingi seli imechemka na anakupimia mvuke.

Hatua ya 4: Maji. Maji yaliyotoneshwa na potashi kali kidogo, glavu na miwani vikiwa vimevaliwa kabla hujafungua kopo. Chumvi ya jikoni hutoa gesi ya klorini. Magadi hula sahani, na matope ya kahawia yanayobaki ndani yanaweza kuwa na kromiamu yenye sumu ya saratani, usiyamwage mtaroni.

Hatua ya 5: Moto. Haidrojeni inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Weka chupa ya maji ambayo gesi inapita kwa mapovu, ili cheche ikirudi iishie hapo. Weka fyuzi. Usihifadhi gesi kwenye chupa wala puto.

Maswali ya wadau

*Mkuu, dereva mwenzangu wa Fuso amefunga na anasema safari ya Mbeya imepungua mafuta. Anadanganya?*

Hadanganyi. Siku anafunga, fundi amebadilisha na chujio la hewa, na dereva mwenyewe anakanyaga taratibu kwa sababu anapima. Ajaze pampu ile ile hadi juu, mzigo ule ule, safari tatu ikiwa imewashwa na tatu imezimwa, bila yeye kujua ipi ni ipi.

*Wameniuzia na kifaa cha kudanganya sensa ya oksijeni.*

Kitoe leo. Kinaiambia kompyuta ipunguze petroli, mchanganyiko unakuwa mkavu na injini nyingine hupata joto hadi valvu zinaungua.

*Lakini kuna Mmarekani aliyeendesha gari kwa maji.*

Unamsema Stanley Meyer. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio ilikuta ni ulaghai, ikamwamuru arudishe dola 25,000 za wawekezaji wawili.

*Wewe zako tatu ulizifungua kwa nini?*

Ya kwanza mpira uliyeyuka. Ya pili povu la potashi lilivutwa na kula mdomo wa alumini wa kuingizia hewa. Ya tatu haikuharibika, lakini tulipima mwezi mzima na matumizi hayakushuka, nikamrudishia mteja hela ya ufundi.

*Kaka, mimi nina IST, hela niliyotenga niifanyie nini?*

Dada, anza na upepo wa matairi, kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha plagi, chujio la hewa, na uinue magurudumu uone kama kuna breki inayoshika. Halafu muulize fundi wako kama thamostati ipo, yaani valvu inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto. Magari mengi hapa yametolewa thamostati kwa kuogopa kuchemsha, injini haifiki joto lake, na kompyuta inaendelea kumwaga petroli ikidhani bado ni alfajiri.