Soba ya mboga: anza usiku wa kuamkia

Ukitaka kula soba, tambi za Kijapani, ya moto kesho mchana, anza leo usiku. Supu yake haianzi na kitunguu cha kukaanga wala mifupa ya kuchemsha. Inaanza na dashi, yaani supu ya msingi ya Kijapani, na dashi ya mboga ni kombu, mwani mkavu mnene wa Japani, ulioloweshwa kwenye maji baridi. Gramu 10 zinatosha lita 1. Ule unga mweupe juu yake si ukungu, ni sehemu ya ladha, kwa hiyo usiioshe. Ipanguse tu kwa kitambaa kibichi. Ni katika kombu ndimo mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alipoipata glutamati mwaka 1908, ladha yake akaiita umami. Ongeza uyoga mkavu wa shiitake, vipande 3 au 4, uweke kwenye friji mpaka asubuhi. Mwani wa Paje, Zanzibar, usiutie: ni wa aina nyingine kabisa, kazi yake kubwa ni kugandishia vyakula.

Asubuhi washa moto mdogo na usiondoke jikoni. Vipovu vidogo vikianza kupanda pembeni mwa sufuria, toa kombu hapo hapo. Ikitokota nayo, supu inateleza na inakuwa chungu.

Kabla ya hapo waulize utakaowakaribisha. Soba ni jina la mmea ambao mbegu zake husagwa unga, na wapo watu unaowadhuru vibaya, hata kuhatarisha maisha. Pakiti nyingi pia zina ngano; nihachi ni mchanganyiko wa unga wa soba 8 kwa ngano 2. Asiyekula ngano atafutiwe juwari, yaani ya unga wa soba mtupu, na bado usome pakiti. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo mpikie kwa shiitake peke yake, maana kombu ina madini ya joto mengi mno.

Chumvi ndiyo inayoniumiza roho zaidi, kwa sababu watu huona mboga wakadhani kila kitu ni salama. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Weka kijiko kimoja kwa bakuli, basi. Maji ya kuchemshia tambi hayatiwi chumvi, na supu si lazima uimalize.

Karoti zikatwe nyembamba kama njiti za kiberiti, mchicha uchovywe kwenye maji ya moto na kukamuliwa, vitunguu majani viwe tayari. Chujio na beseni la maji baridi viwe karibu, kwani soba haisubiri. Ikiiva, imwage, isugue kwa mikono ndani ya maji baridi mpaka ule utelezi wa wanga uishe, irudishe kidogo kwenye maji ya moto, kisha bakuli, supu, mboga, na kula papo hapo kabla tambi hazijavimba.