Kuwasha lebo kwenye ruta za uti wa mgongo: Nyali, Changamwe, Mariakani

Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zitue Mombasa mwaka 2009, data inayokwenda bara hupita mikononi mwetu kwa wingi, na sehemu kubwa tunaisafirisha kwa MPLS, mfumo ambao ruta hupeleka pakiti kwa kufuata namba fupi (lebo) badala ya kusoma anwani ya IP kila hatua. Nikiitwa kwamba "lebo zimekataa", mara nyingi nakuta lebo hazina kosa. Kosa liko chini yake, na ndiko tutakakokaa zaidi.

Tuseme una ruta tatu za Cisco IOS: Nyali, Changamwe katikati, Mariakani mwisho.

1. Loopback0 na OSPF

```
interface Loopback0
 ip address 10.255.0.1 255.255.255.255
```

Loopback ni anwani ya ndani inayoitambulisha ruta; hii ni ya Nyali. Iwe /32 (anwani moja tu), si /24 (kundi la anwani). OSPF (itifaki ya ruta kupeana njia) huitangaza Loopback kama /32 hata ukiipa /24, ilhali LDP (itifaki ya kugawa lebo) itaitolea lebo ile /24. Havilingani, na njia ya lebo inakatika.

2. MTU

MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti ambao kiungo kinapitisha. Hapa usiwe na haraka. Kila lebo ni baiti 4. VPN (mtandao binafsi wa mteja) hubeba mbili, basi pakiti ya mteja ya baiti 1500 inafika 1508. Mteja mmoja wa Mariakani alinikosesha usingizi siku mbili: ping zinapita, ujumbe mfupi unapita, lakini akifungua ukurasa mzito skrini inabaki nyeupe pe! Kumbe kiungo kimoja cha katikati kiliachwa kwenye 1500.

Weka `mtu 9000` ncha zote mbili. Ukigusa upande mmoja tu, OSPF itakwama kwenye EXSTART, yaani majirani hawatamaliza kuungana. Kisha jaribu kila kiungo kwa anwani ya ncha ya pili (`df-bit` huzuia pakiti isikatwe vipande):

```
ping 10.1.12.2 size 1508 df-bit
```

Isipojibu, simama hapo. Muulize mwenye faiba kama swichi zake zinapitisha ukubwa huo.

3. LDP

```
mpls label protocol ldp
mpls ldp router-id Loopback0 force
interface GigabitEthernet0/1
 mpls ip
```

Neno `force` linaweza kukata vikao vya LDP vilivyopo. Kama mtandao una wateja, subiri saa nane usiku. Na `mpls ip` usiiweke upande wa mteja.

4. Kukagua

`show mpls ldp neighbor` ionyeshe Oper, yaani kikao kiko hai. Majirani husalimiana kwa UDP 646, kisha hufungua kikao kwa TCP 646, Loopback kwa Loopback. Salamu zikiwepo na kikao hakuna, tafuta njia ya Loopback iliyopotea au kichujio kinachoziba 646.

Halafu `show mpls forwarding-table`. Nyali, mstari wa 10.255.0.3/32 (Loopback ya Mariakani) uwe na namba kuanzia 16, maana 0 hadi 15 zimetengwa. Changamwe utaona Pop Label. Usishtuke, ruta iliyo kabla ya ya mwisho huvua lebo ili Mariakani isome anwani moja kwa moja. Ila No Label kwenye Loopback ya mwenzake ni hitilafu: rudi hatua ya kwanza.

```
ping 10.255.0.3 size 1500 df-bit source Loopback0
```

Ikijibu, piga `write memory` kwenye zote tatu, ndipo uguse VPN za wateja.