Paka wa kuokota anajisaidia kila kona? Jaribu udongo

Niliokota mtoto wa paka karibu na soko la Kilombero, Arusha; choo chake kikawa chini ya kitanda changu. Maranda ya fundi seremala aliyakimbia. Kilichosaidia: beseni la kimo kifupi, udongo mkavu wa nje, na ndani yake nikafukia kipande cha kinyesi chake mwenyewe. Paka wa mtaani kazoea kufukua udongo, na ile harufu inamwonyesha choo kiko wapi. Mweke humo kila akimaliza kula. Akiwa hajafika wiki tatu hivi, beseni halina kazi: hawezi kujisaidia mwenyewe, mpanguse nyuma kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Na akiharisha, au akichuchumaa mkojo usitoke, achana na udongo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.